Chuma cha Kupigilia Miti ya Nyanya

Mara ya kwanza nilipotia nyanya ardhini, zilikufa zote kwa siku mbili. Asubuhi zilikuwa zimesimama na maua yake. Saa sita majani yalilegea kama nguo iliyolowa. Kesho yake zilikuwa zimelala chini, bado za kijani, zimekufa. Ng'ambo ya barabara anakaa mama mmoja mfanyabiashara, mtu wa Butembo, anayeuza vitunguu na viazi vinavyoshuka na malori kutoka kwao. Alikuja akakata shina moja kwa kisu, akalitumbukiza ndani ya bilauri ya maji. Tukaona uzi mweupe kama maziwa ukitoka kwenye shina polepole.

"Ugonjwa iko mu udongo," aliniambia. "Ukipanda tena hapa, zitakufa tena. Tafuta bidoni, mama. Na utafute udongo ya pengine."

Udongo wa pengine ulikuwepo, hatua kumi na tano tu, nyuma ya jiko. Ulikuwa mweusi na laini, na majani yalijiotea pale bila kuombwa. Lakini kiwanja si changu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mimi nashona nguo barazani, na tunaishi na mama yake, mjane aliyezaliwa kando ya mto upande wa Yanonge, akaolewa ndani ya nyumba hii hapa Tshopo tangu akiwa msichana. Nilienda kumwomba kwa heshima, nimepiga magoti kidogo kama inavyotakiwa.

"Kule apana," alisema.

"Juu ya nini, mama?"

"Usichimbe kule. Nimesema."

Nilichukulia kuwa ni mambo ya mama mkwe. Kuna wanaokataza chumvi, kuna wanaokataza wageni. Wangu alikataza nyuma ya jiko. Nikakusanya vyombo tu. Bidoni, madumu yale ya njano ya mafuta, nilizikata shingo, nikatoboa matundu chini kwa msumari wa moto. Niliongeza ndoo zilizopasuka na mifuko ya mchele iliyokunjwa midomo. Mchanga niliuleta kutoka mtoni, na samadi ya mbuzi niliiomba kwa watu. Udongo wenyewe ndio ulionishinda.

Halafu kaka yake mama mkwe akafariki kule Yanonge, naye akateremka mto kwa pirogi kwenda kulia msiba kwa majuma mawili. Siku ya tatu baada ya kuondoka kwake nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko.

Sina la kujitetea. Nilijua nimekatazwa, nikachimba. Nilikuwa nimejaza bidoni karibu zote jembe lilipogonga kitu. Nilidhani ni jiwe, nikapiga tena kwa nguvu ili nilitoe. Hilo pigo la pili naliota mpaka leo.

Halikuwa jiwe, kilikuwa chuma. Kilikuwa na urefu kama wa mkono wangu kutoka kwenye kifundo mpaka ncha za vidole, na kidogo zaidi. Kilikuwa kinene katikati kama papai changa, kikawa chembamba nyuma, mahali ambapo vidole vilipata pa kushika. Kutu ilikuwa imekila kote. Nilikiosha kwa maji nikakisugua kwa mchanga. Mume wangu aliporudi shule alikigeuzageuza mkononi, akasema labda ni kipande cha pampu ya zamani. Kilikuwa kizito vizuri. Hapa kwetu nyundo haipatikani kila nyumba, na hata jiwe la maana inabidi ulifuate mtoni. Nikakiweka.

Nyanya yenyewe ikirefuka haiwezi kujibeba, na mti uliochomekwa ndani ya bidoni hausimami. Mvua moja tu, mmea na mti wake vyote vinalala. Kwa hiyo nilipanga bidoni mstari mmoja chini ya ukingo wa mabati, mbele ya nyumba, ili matone makubwa yasichape majani. Nyuma ya kila bidoni nikapigilia mwanzi ardhini, na juu nikalaza mwanzi mrefu kuunganisha yote. Mashina niliyafunga kwa vipande vya kitenge vinavyobaki kwenye cherehani, nikikizungusha kila kipande mara moja kwenye mti na mara moja kwenye shina, bila kubana. Mama mkwe aliporudi kutoka msibani alikuta bidoni zimejaa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hakuuliza udongo umetoka wapi. Siku alipoonja nyanya ya kwanza ndani ya sombe, majani ya muhogo, alisema tu kwamba ina utamu.

Mvua ikilowesha ardhi, mianzi hulegea. Basi kila juma nilipita kwenye mstari na kile chuma, nikiipigilia upya, mapigo kumi au kumi na tano kila mmoja. Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Na si mimi peke yangu niliyekishika. Binti yetu wa miaka minane alikuwa akikitumia kuvunja mbegu za ngazi, matunda ya mchikichi, kwenye kizingiti cha saruji cha mlango, apate kiini cha kutafuna. Kuna siku kiliniponyoka kikabiringika mpaka kwenye kiti cha mama mkwe. Akapapasa, akakiokota, akanipa mkononi.

Nayaandika haya kwa sababu baadaye niliyapanga yote kichwani, moja baada ya jingine, na nisingeweza kuacha.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mzee mmoja aliyestaafu jeshi, anayekaa upande wa Kapalata, alizoea kupita kwetu kununua nyanya. Sisi tulimwita papa sajenti. Aliingia akanikuta nimechuchumaa kwenye bidoni ya nne, napigilia. Binti yangu alikuwa ameketi mlangoni anakula lituma, ndizi za kupondwa, iliyobaki jana.

"Mama," aliniita.

Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeingia chumba alimolala mtoto mchanga. Niligeuka, mkono wangu bado uko juu.

"Shusha mukono polepole. Usipige. Usitupe."

"Papa, kuna nini? Nyoka?"

"Hiyo kitu ulitosha wapi?"

"Hii chuma? Nyuma ya jikoni, mu udongo."

"Bon. Weka mu bidoni, pale penye udongo laini. Kama yai. Sasa tosha mukono."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nilidhani ananitania, kwa sababu uso wake haukubadilika hata kidogo. Nikakilaza chini ya shina la nyanya, mahali penye kivuli cha majani.

"Nimefanya kazi ya kurusha hizi miaka munane, mama," alisema. "Hiyo iko bombe. Haijapasuka. Sasa rudi nyuma, usikimbie. Chukua mutoto."

Sikumbuki nilivyofika mlangoni. Nakumbuka kwamba kiganja changu kilikuwa na rangi ya kutu, na sikutaka kumshika mtoto kwa mkono huo. Nilimshika kwa mkono wa kushoto, nikampitisha ukutani mpaka barabarani, nikamkabidhi kwa mama wa Butembo. Kisha nikarudi ndani kumtoa mama mkwe. Alikuwa kitandani, anavaa kitambaa cha kichwani.

"Mama, tutoke. Papa sajenti anasema kuna bombe."

Aliacha kufunga kitambaa, akaniuliza:

"Ile ya nyuma ya jikoni?"

Nilibaki nimesimama. Sikuwa nimemwambia mahali. Hakuna aliyekuwa amemwambia mahali. Kwa muda niliisahau hata bomu yenyewe, ninamtazama huyu mama niliyempikia miaka kumi.

"Mama, ulijua?"

"Nipe fimbo yangu," alisema. "Tutoke."

Tulikaa siku tatu kwenye depo ya mama wa Butembo, katikati ya magunia ya vitunguu. Mkuu wa avenue, yaani wa mtaa wetu, alikuja akafunga mlango wa kiwanja chetu kwa matawi ya mchikichi, akawatangazia majirani wa pande zote mbili watoke, akaenda kuwatafuta watu wanaotegua mabomu. Mume wangu alitokea kwenye mkutano wa walimu saa sita. Tulipomweleza, aliketi juu ya gunia, akatazama mikono yake.

"Mimi mwenyewe nilisema ni ya pampu," alisema.

Binti yetu ndiye aliyekuwa anaongea. Watu walipokuja kutupa pole aliwaeleza kila mmoja: "Mi nilikuwa navunjia ngazi." Aliionyesha kwa mkono namna alivyokuwa akipiga, paa, paa. Mama wa Butembo alimvuta akamfunika mdomo kwa kiganja, taratibu, akampa karanga.

Kutoka kwenye mlango wa depo niliziona nyanya zangu ng'ambo ya barabara. Mvua ilikataa siku zile tatu, na bidoni hukauka haraka kuliko ardhi. Siku ya jua kali zinataka maji mara mbili. Siku ya pili mchana vilele vilianza kuinama. Niliona aibu kwamba naziwaza nyanya. Lakini kila nilipoacha kuziwaza, mkono wangu ulikumbuka uzito wa kile chuma, na mtikisiko wake kila kilipogonga kichwa cha mwanzi. Nilijaribu kushona kifungo kimoja tu cha shati. Sikuweza kutia uzi kwenye sindano.

Na mama mkwe alikaa pembeni, rozari mkononi. Sikumwuliza tena, naye hakusema. Chakula nilimpelekea, nikakiweka mbele yake, nikaondoka.

Wategua mabomu walifika siku ya tatu asubuhi, wanaume wawili waliovaa mavazi mazito kifuani, na mwanamke mmoja aliyekuwa na daftari. Mwanamke ndiye aliyenihoji.

"Mulikuwa munaifanyia nini, mama?"

"Kupigilia miti ya nyanya."

"Mara moja?"

"Kila juma. Karibu mwaka."

Alikuwa anaandika. Kalamu yake ilisimama. Alinitazama mikono, kisha uso, kisha akaendelea kuandika.

Waliingia. Tulisogezwa mbali hadi kwenye kona ya avenue. Baada ya muda mrefu mmoja wa wale wanaume alirudi akitembea, kofia mkononi, jasho linamtoka. Nilidhani ameleta habari mbaya.

"Mama mwenye nyanya ni nani?"

"Mimi."

"Mama, bombe imelala chini ya mti moja yenye kuwa na matunda. Majani inatuzuia kuona. Tunaomba ruhusa tukate."

Siku tatu zile sikulia. Nililia hapo, barabarani, mbele ya watu, kwa sababu mtu anayekwenda kuweka uso wake juu ya bomu alirudi kuniomba ruhusa ya kukata mmea mmoja wa nyanya. Nilimwambia akate, akate yote kama anataka. Walikata ule mmoja tu.

Walikichukua chuma ndani ya kisanduku cha mchanga, kwenye gari lililokwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kisha walipima ardhi yote nyuma ya jiko kwa mashine yao. Walipata kijiko na bawaba ya mlango. Kabla hajaondoka nilimshika yule mwanamke mkono.

"Dada, inawezekana ilikuwa imekufa? Ni ya zamani sana."

"Zingine zinakufaka mu udongo," alisema. "Tutaona."

Mchana ule niliomba Mungu iwe imekufa. Nilitaka niwe mjinga tu, mwanamke aliyepigilia miti kwa chuma kibovu, watu wacheke miaka yote. Mnamo saa tisa tukasikia mlio kutoka mbali, upande wanakochimba mchanga. Haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mlango wa nyuma wa lori unaoachiwa kuanguka. Watu wa baiskeli za toleka waliendelea kupiga pedali, mwanamke mmoja aliendelea kupima chumvi. Mimi nilikaa chini palepale, vumbini. Jioni mkuu wa avenue alituletea ujumbe kwamba tunaweza kurudi, na kwamba ile bomu haikuwa imekufa, ilikuwa nzima.

Nzima. Neno hilo lilikaa ndani ya nyumba majuma mengi. Niliweza kuwa namenya ndizi, ghafla nikamwona binti yangu mlangoni akipiga paa, paa. Mume wangu alianza kuamka alfajiri na kukagua kila kipande cha chuma kiwanjani, hata pasi, hata mguu wa cherehani. Mama wa Butembo aliacha kutumia chuma alichokuwa anakandamizia turubai la depo, akamwita papa sajenti aje akione kwanza. Kilikuwa kipande cha lori.

Nusu ya nyanya zilikauka. Zilizobaki nilizipa maji, zikainuka, lakini mianzi ilikuwa imelegea na sikuweza kuipigilia. Nilijaribu na kipande cha mti mgumu. Nilipoinua tu mkono, bega liligoma. Basi nikafunga kamba kwenye boriti za paa, moja juu ya kila bidoni, nikaiteremsha mpaka kwenye shina, nikawa naliviringisha shina kwenye kamba kadiri linavyopanda. Inashika vizuri kuliko miti, kusema kweli.

Alasiri moja nilikuwa juu ya kiti nafunga kamba hizo, na mama mkwe ameketi chini yangu. Hatukuwa tumezungumza ila maneno ya chakula na maji ya kuoga. Aliinua mkono akashika ncha ya kamba iliyokuwa inaning'inia, akainyosha nipate kufunga.

"Uko na hasira," alisema.

"Ndiyo, mama. Mjukuu wako aliipiga ile kitu kwenye saruji. Wewe uliniokotea ukanipa. Kama ungesema neno moja tu."

"Mi sikuiona hata siku moja. Nilikuwa chini ya kitanda. Mzee wangu njo aliiona, njo aliifunika udongo. Mi nilifikiri iko kubwa kama chungu."

"Lakini ulijua iko pale."

"Nilijua."

Kisha akanieleza, bado ameshika kamba. Ilikuwa vita ile ya siku sita, majeshi ya wageni yanapigania mji ambao si wao. Asubuhi moja zilianguka mbili. Ya kwanza ilianguka kwenye bomba la maji, mwisho wa avenue. Ya pili ilianguka nyuma ya jiko, ikanyamaza.

"Ile ya kwanza ilinichukulia mutoto mwanamuke," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa na kiu siku mbili, mi njo nilimutuma maji."

Nilishuka kwenye kiti. Miaka kumi ndani ya nyumba hii, na sikuwahi kusikia kwamba mume wangu alikuwa na dada.

"Baba yake alirudi naye mu mikono, akakuta ile ingine nyuma ya jikoni. Akasema, hii haitutaki, tuifunike, tusiseme kwa mutu, askari watasema tunaficha silaha. Halafu vita ikaisha. Nikisema ya nyuma ya jikoni, watu wataniuliza, na ile ingine ilianguka wapi? Nitajibu nini? Donc nilinyamaza. Nilijisemea, watu wasipochimba, italala."

Sikujua la kufanya na hasira yangu. Haikuondoka, ilikaa tu pale, haina tena pa kwenda. Nilimwambia kwamba nami nilichimba wakati yeye anamlilia kaka yake, nikiwa nimekatazwa. Alisema anajua, alinusa udongo ule siku aliyorudi, akaogopa kuuliza, na bidoni zilipokaa miezi bila neno akadhani ile kitu iliozea chini.

Jioni mume wangu aliporudi nilimwuliza dada yake alikuwa nani. Alivua viatu kwanza, kimoja kimoja. Aliniambia jina lake. Alisema alikuwa na miaka saba wakati ule, na kwamba dada yake alimbeba mgongoni kila walipokimbilia chini ya kitanda, kwa sababu yeye alikuwa anagoma kutembea akisikia milio. Siku ya maji alitaka kumfuata, akamrudisha mlangoni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri mama hataki jina lake litajwe. Mama naye anafikiri mimi ndiye sitaki."

Binti yetu alikuwa ameacha daftari lake la shule, anatusikiliza.

"Papa, ni nani huyo?"

Mume wangu alimtazama mama yake. Mama mkwe alitikisa kichwa kukubali, akasogeza kiti chake karibu nasi.

"Ni tante yako," mume wangu akamwambia. "Kuja hapa. Nitakueleza alivyokuwa."